Waliozuiwa Langoni

Iko nchi moja ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote ziliazimwa na waziri mmoja na hajazirudisha. Nchi hiyo haikosi kitu. Ina mvua, ina madini, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na ina Wizara ya Hadhi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba hadhi haipotei ovyo mikononi mwa watu wasiojua kuitumia.

Katika wizara hiyo aliajiriwa Siwema Kilindo, binti wa miaka ishirini na minne, mhitimu wa takwimu, akapewa cheo cha Mpima Hadhi Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili hayakuwapo, ila ilionekana si vizuri mtu kuanzia juu. Alipewa meza, kalamu iliyofungwa kamba, na rundo la Fomu Namba Saba. Siwema alikuwa na imani moja ambayo wenzake ofisini waliionea huruma: kwamba namba ikiandikwa kama ilivyo, haimwonei mtu.

Mwaka huo Serikali ilikuwa na jambo zito. Mji mkuu una klabu mbili za gofu, Mwanana na Upeo, zinazotazamana kutoka kwenye vilima viwili, na kila moja ilidai kuwa na hadhi kuliko mwenzake. Mambo yalifika pabaya, mabalozi wakawa hawajui wakanywe chai wapi. Ndipo Bunge likaweka kando mjadala wa maji na kushughulikia Sheria ya Kulinganisha Klabu.

Kamati ilizunguka nchi tisa ikitazama watu wakicheza gofu. Ilirudi na kofia, na sentensi moja: "Hadhi ya mahali ni idadi ya watu waliotaka kuingia wakazuiwa." Wabunge walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kamati kurudi na sentensi nzima.

Klabu zenyewe zikaombwa maoni. Upeo walisema kumzuia muuza mkaa si sawa na kumzuia mkurugenzi, hivyo zikawekwa alama: mtu wa kawaida moja, mkurugenzi hamsini, mwenyekiti wa klabu mia mbili, waziri mia tano. Alama za waziri ziliwekwa kwa ajili ya heshima tu, maana hakuna aliyeweza kufikiria waziri anazuiwa na nani. Kisha wakaja kwenye maana ya klabu. Mwanana hawakutaka bwawa la kuogelea litajwe, kwa sababu hawakuwa nalo. Upeo hawakutaka neno "kongwe". Mwanana wakafuta vioo, Upeo wakafuta mbao. Walipochoka kufutiana, maana ya klabu ilikuwa imebaki hivi: "eneo lililopandwa mimea inayokatwa mara kwa mara, lenye mpaka na masharti ya kuingia." Neno gofu lenyewe lilianguka kikao cha mwisho, kwa kura moja, muda wa chakula.

Kifungu kimoja tu walikubaliana bila ubishi, kwa kuwa kila upande ulijua utashinda: klabu itakayoshinda itaitwa Klabu ya Taifa, na mipaka yake haitaguswa na mtu yeyote, akiwemo waziri.

*

Siwema alianza na Mwanana. Langoni alikuta mlinzi mwenye mvi na vifungo vya shaba vinavyong'aa, Mzee Pandu, aliyelinda pale miaka thelathini na nane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu sana. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Nashukuru, nashukuru sana. Sasa, hutaingia."

"Nina barua ya wizara, mzee."

"Naiona. Barua nzuri, ina mhuri mkubwa. Ila hapa mgeni haingii mpaka ajulikane, na hajulikani mpaka awe ameshaingia." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Lakini wewe si mgeni. Wewe ni kipimo, na vipimo ni vyombo. Vyombo vinapitia jikoni. Zunguka kule nyuma, mwanangu, ukanyage taratibu."

Siwema aliandika kwenye fomu: kuzuiwa, dakika nne, mzuiwa anaondoka akishukuru.

Ndani kulinukia dawa ya kung'arisha sakafu na tumbaku ya watu waliokufa. Wanachama walinong'ona hata walipoagiza supu. Kwenye kiti kimoja cha ngozi alilala mzee ambaye hakuna aliyejua amelala tangu lini. Wahudumu walimfuta vumbi pamoja na kiti. Mwenyekiti wa klabu, Jaji Mstaafu Kihampa, alimweleza kuwa Mwanana haijabadilisha mapazia tangu wakati wa mkoloni.

"Yamechanika, Mheshimiwa Jaji," Siwema alisema kwa upole.

"Ndiyo," Jaji alijibu kwa fahari. "Yamechanika yakiwa hapa hapa."

Upeo ilikuwa kitu kingine. Lango lake lilikuwa la kioo, na walinzi wake walivaa miwani myeusi. Siwema alikohoa tu, akaambiwa, "Hapana." Sekunde kumi na moja. Alipoonyesha barua akapitishwa kwenye mlango wa mizigo, akatokea ukumbini, ambako kiyoyozi kilikuwa kikali hata wanachama walikula wamevaa makoti, wakipulizia vidole. Kulikuwa na chemchemi iliyobadilika rangi, na muziki uliotoka ndani ya vyungu vya maua. Kule Mwanana kila mtu alijifanya hakuoni. Hapa Upeo kila mtu aligeuka ili uone kwamba amekuona na hakujali.

Mwenyekiti wa Upeo, Bwana Mwikwabe, mtu mnene mwenye saa mbili, alimpeleka dirishani na kumwonyesha kilima cha pili.

"Miaka kumi na saba iliyopita nilikwenda pale, nimevaa suti mpya. Yule mzee akanisalimia, akaniuliza habari za watoto. Kisha akaomba nivue viatu vikafutwe vumbi, akatazama soksi zangu." Alikitazama kiatu chake. "Kidole gumba kilikuwa nje, binti. Kidole kimoja tu."

"Pole sana, baba."

Bwana Mwikwabe aligeuka akamtazama kwa mshangao, maana katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpa pole. Uso wake ukalegea kidogo. Kisha akaiona tena ile klabu nyingine dirishani, akaita kwa sauti, "Leo tumezuia wangapi?"

"Sitini, bosi."

"Bado," alisema.

*

Msomaji anaweza kuuliza, watu wote hao waliozuiwa walitoka wapi. Walitoka Mferejini.

Mferejini ni bonde lililo katikati ya vile vilima viwili. Maji yanayomwagiliwa kwenye viwanja vya gofu hushuka huko chini, na watu wa bonde huyakinga kwa mifereji na kulima mchicha, matembele na mnafu unaoliwa mji mzima, pamoja na kwenye meza za Mwanana na Upeo. Mama yake Siwema, Bi Mashavu, alikuwa na matuta kumi na mawili. Siwema alisoma kwa matuta hayo, tangu daftari la kwanza hadi joho la chuo kikuu.

Alama zenyewe zingehesabiwa siku moja tu, Jumamosi. Siku hiyo ilipokaribia, klabu zilianza kutafuta watu wa kuzuia kwa ajili ya mazoezi. Mwanana walituma kadi ngumu zilizoandikwa, "Unaalikwa kwa heshima kuja kuzuiwa." Upeo walituma gari lenye kipaza sauti. Watu wa Mferejini walicheka, wakamaliza kumwagilia, wakaenda. Bi Mashavu alikuwa ameshazuiwa mara tatu Mwanana, na alipapenda zaidi kwa sababu Mzee Pandu alimuuliza habari za goti lake.

Siku tatu kabla ya upimaji, Siwema alifika kwenye Kiambatisho cha Tano cha sheria, ukurasa ambao haukuwa umefunguliwa na mtu, maana ulikuwa bado umegandana na wa nyuma yake. Uliandikwa: klabu itakayoshinda itapewa bonde la Mferejini ili iongeze mashimo tisa. Wakazi watahamishiwa eneo litakalotafutwa.

Alisoma mara mbili. Kisha akainuka, akagonga mlango wa waziri, Mheshimiwa Lugembe, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kupiga mpira kuelekea kwenye kikombe cha chai.

"Mheshimiwa, mama yangu anaishi Mferejini."

"Hongera," waziri alisema bila kuinua kichwa. "Mama yako atakuwa miongoni mwa akina mama wa kwanza katika historia kuipisha Klabu ya Taifa."

"Kuna watu mia tisa kule, Mheshimiwa. Na mboga za mji mzima."

"Binti, taifa haliwezi kuongozwa na mboga. Kuna mambo ya kula na kuna mambo ya kutazama. Sisi tumekula miaka mingi, sasa tutazame." Mpira ukapita mbali na kikombe. "Wewe kazi yako ni kupima. Umekula kiapo cha kuandika unachokiona. Andika unachokiona Jumamosi, usome redioni saa kumi jioni, basi."

Siwema alitoka akiwa ameikamata fomu kama mtu aliyeshika kuku asiyetaka kuchinjwa. Ile imani yake ya namba ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa inamuuma.

Alimkuta mama yake ameinama tutani. Akamweleza yote, amechuchumaa, koti la kazini likigusa udongo.

Bi Mashavu alinyoosha mgongo pole pole. "Hebu nielewe. Kadiri wanavyotuzuia, ndivyo wanavyopata alama?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwenye alama ndiye anayetutoa hapa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nimepanda kile kilima mara tatu, na goti hili, kwenda kujifukuza." Alitikisa kichwa, akacheka kidogo kwa hasira. "Na tusipokwenda?"

Siwema, mwenye miaka minne ya takwimu kichwani, alianza kuhesabu kwa vidole. Katika chati zote alizochora usiku na mchana, watu wa Mferejini walikuwa wakija tu. Hakuwa amefikiria kwamba wanaweza kukaa nyumbani.

"Itakuwa sifuri," alisema mwishowe.

"Haya. Jumamosi mimi nina kazi. Mbegu zangu zimekaa sana." Akageukia tuta la jirani, akapaza sauti. "Jamani, Jumamosi tunapanda. Bonde zima. Mwenye hamu ya kuzuiwa ajizuie mwenyewe kwake."

*

Mferejini wana desturi. Mbegu ikishaingia ardhini, shamba huzungushiwa kamba yenye vitambaa vyekundu kwa siku saba, na hakuna mtu anayevuka kamba hiyo na viatu. Viatu hubeba mbegu za magugu kutoka barabarani, na gugu moja la mjini linaweza kula tuta zima. Mwenye shamba huvua, daktari huvua, bibi harusi huvua. Jumamosi ile asubuhi bonde lote lilikuwa limezungushiwa kamba, na kwenye njia pekee ya kushukia alikaa Bi Mashavu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ya goti.

Huko juu, malango mawili yalikuwa tayari. Mzee Pandu alikuwa amesugua vifungo vyake. Walinzi wa Upeo walikuwa na miwani mipya. Siwema alikwenda huku na huku na fomu zake. Saa tatu, sifuri. Saa nne, sifuri. Saa tano alipita mbuzi upande wa Upeo, akazuiwa kwa kelele nyingi, lakini sheria ilisema watu.

Jaji Kihampa aliamuru wapishi watoke kwa mlango wa jikoni wazunguke kuja kuzuiwa mbele. Wakaja, na aproni zao.

"Habari za asubuhi, akina mama," Mzee Pandu aliwaambia. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Hawa nawajua, Jaji. Siwezi kuwazuia. Nitakuwa naigiza, na mimi kazi hii sijawahi kuiigiza."

Upeo walijaribu kumzuia mwanachama wao mmoja. Akalia machozi langoni hadi wakamfungulia, akasema hataki tena kuingia, akaondoka na familia yake yote.

Ilipotimu saa saba mchana, Mheshimiwa Lugembe alikuja na msafara. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba saa kumi taifa zima lisimamishe shughuli. Waziri alitazama fomu zenye sifuri mbili, akashika kiuno.

"Wako wapi wananchi?"

"Wanapanda mchicha, Mheshimiwa," alisema Siwema.

"Twende tukawaombe," alisema waziri, na kwa jinsi neno hilo lilivyokuwa geni kinywani mwake, ilibidi alirudie.

*

Walishuka kwa miguu, maana njia ya Mferejini haipitishi gari: waziri, wenyeviti wawili, wakurugenzi sita, dereva wa waziri aliyeitwa Hizza, na nyuma yao Siwema na fomu yake. Wengi walikuwa na viatu vya gofu vyenye njumu. Wakafika kwenye kamba.

"Karibuni," alisema Bi Mashavu kutoka juu ya ndoo. "Habari za huko juu?"

"Nzuri, mama. Tumekuja kuzungumza na wananchi," alisema waziri, akainua mguu kuvuka.

"Taratibu, baba. Vua viatu kwanza."

Mguu ulibaki hewani. "Mimi ni Waziri wa Hadhi."

"Nakufahamu, nakusikia redioni. Vua viatu. Mbegu zina saa nne tu ardhini."

"Mama, kuna itifaki. Waziri havui viatu mbele ya watu. Viatu vya waziri ni mali ya Serikali."

"Basi viatu vya Serikali vibaki hapo, iingie miguu yako."

Mkurugenzi mmoja alinong'ona kwamba labda mama hajaelewa, akajaribu kupita kando. Watu walioinama kwenye matuta wakainuka wote kwa pamoja, majembe mkononi, bila kusema neno. Mkurugenzi akarudi.

"Sisi tumekuja kuwaomba mje langoni kwetu," Jaji Kihampa alisema, kofia mkononi. "Tuwazuie kama kawaida. Tutawazuia vizuri."

"Asante, Jaji. Leo hatuna haja ya kuingia kwenu," alijibu Bi Mashavu. "Ninyi ndio mnaotaka kuingia kwetu. Na masharti ni viatu tu. Hatuulizi koti, hatuulizi baba yako ni nani."

Wote wakamgeukia Bwana Mwikwabe, ambaye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Alikuwa ameshainama, mkono kwenye gidamu. Akabaki ameinama hivyo hivyo. Jasho likamtoka.

"Baba, una nini?" Siwema aliuliza kwa sauti ya chini.

"Soksi," alinong'ona. "Leo tena, binti yangu. Leo tena."

"Hapa hakuna anayetazama soksi. Vua na hizo."

Bwana Mwikwabe aliinua macho akaona Jaji Kihampa anamwangalia. Akafunga gidamu, akasimama wima. "Sivui," alisema.

Hizza dereva alikuwa ameshavua zamani, viatu mkononi. Alivuka kamba akanawa uso mferejini, akapewa kiti. Wale tisa wengine, ambao hakuna aliyekubali kuvua waziri akiwa amevaa, walibaki upande wa pili, juani, wamesimama kwa mstari kama wanaosubiri kupigwa picha.

Siwema aliwatazama. Kisha akatazama fomu. Akaona, kama mtu anavyoona jibu la hesabu kabla hajamaliza kulisoma swali: eneo lililopandwa mimea inayokatwa mara kwa mara, lenye mpaka na masharti ya kuingia. Akachukua kalamu. Waziri mmoja, mia tano. Wenyeviti wawili, mia nne. Wakurugenzi sita, mia tatu.

"Unaandika nini wewe?" waziri aliuliza.

"Ninachokiona, Mheshimiwa," alisema Siwema.

*

Studio ya redio ilikuwa chumba kidogo chenye kioo. Waziri alimfuata hadi mlangoni, akafunga mlango, akazungumza kwa sauti laini ambayo Siwema hakuwahi kuisikia.

"Binti, wewe ni msomi. Una maisha mbele. Tuweke Mwanana, alama thelathini. Au Upeo. Mimi sina upendeleo. Mama yako tutampa kadi ya kuzuiwa ya kudumu."

Siwema aliogopa. Asidanganyike mtu kwamba hakuogopa. Aliikunja fomu mara mbili, akaikunjua. Alifikiria ile meza, na kalamu yenye kamba, na jinsi mama yake alivyopiga vigelegele peke yake bondeni siku barua ya ajira ilipokuja.

"Mheshimiwa, nilikula kiapo."

"Viapo tunavyo vingi, tutakutafutia kingine."

Taa nyekundu ikawaka. Siwema akasogea kwenye kipaza sauti, na nchi nzima, iliyokuwa imesimamishwa shughuli zake kwa amri ya waziri huyo huyo, ikasikia sauti nyembamba isiyozoea redio.

"Matokeo ya Sheria ya Kulinganisha Klabu. Mwanana, sifuri. Upeo, sifuri. Mashamba ya mchicha ya Mferejini, alama elfu moja na mia mbili. Kwa mujibu wa sheria, Klabu ya Taifa ni Mferejini, na mipaka yake haitaguswa na mtu yeyote, akiwemo waziri."

Akaigeuza fomu mezani. Halafu akaongeza neno ambalo halikuwa kwenye fomu.

"Masharti ya kuingia ni kuvua viatu."

*

Serikali iliunda tume kuchunguza jinsi sheria ilivyoweza kumaanisha ilichosema. Tume bado inakaa. Klabu mbili zilikata rufaa, lakini kila moja iliandika kwamba afadhali mchicha kuliko mwenzake, na mahakama ikazisoma rufaa zote mbili kuwa ni za kukubali.

Jumatatu asubuhi Siwema alikwenda kazini kama kawaida. Mlinzi wa wizara, aliyemzoea, alisimama katikati ya lango akitazama chini.

"Dada Siwema, samahani. Nimeambiwa usiingie."

"Milele au leo?"

"Hawakusema. Wamesema tu uzuiwe."

Alichungulia juu ya bega la mlinzi. Aliona dirisha la ofisi yake, na ile kamba ya kalamu ikining'inia mezani. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja. Kisha akafungua mkoba, akatoa Fomu Namba Saba iliyobaki, akaiegemeza ukutani na kuandika kwa mwandiko safi: Wizara ya Hadhi, mtu wa kawaida, alama moja. Akampa mlinzi.

"Mpelekee waziri. Mwambie ndiyo ya kwanza yao, na wasitegemee ya pili kutoka kwangu."

Alishuka bondeni kwa miguu. Njiani alimpita Bwana Mwikwabe, amekaa peke yake juu ya jiwe, kiatu kimoja kimevuliwa, akikitazama kidole chake kama mtu anayetafakari jambo kubwa. Siwema alimsalimia, akaitikia.

Kwenye kamba, Bi Mashavu alikuwa juu ya ndoo yake. Siku ya tatu hiyo tangu kupanda, na mchicha ulikuwa umeanza kuchungulia.

"Mbona mapema?" mama aliuliza.

"Nimezuiwa, mama."

Bi Mashavu alimtazama kwa muda, kuanzia usoni, kwenye lile koti la kazini, hadi miguuni.

"Huku unaingia?"

"Naingia."

"Basi unajua masharti."

Siwema aliinama, akavua viatu vya ofisini, akavipanga kando ya kamba, akavuka.